Kijana wa unga: Jela au hospitali?



NDUGU msomaji, leo katika safu yetu tunazungumzia balaa ambalo karibu kila mtaa wa miji yetu unalo, na kila baraza linalijadili, ila mara nyingi hujadiliwa kwa hasira kuliko kwa elimu. Nalo ni balaa la vijana wetu wanaotumia unga, yaani heroini. Swali ni hili: kijana anayekamatwa na kete yake mfukoni, apelekwe jela au apelekwe hospitali atibiwe kwa fedha za umma?

Wapo wanaosema jela ndiyo dawa yao, kwa kuwa wamejitakia wenyewe. Wapo pia wazazi waliochoka, ambao mtoto amewauzia mpaka sufuria za jikoni, na wao wenyewe ndio wanaokwenda kituoni kumwomba askari aje amchukue. Hatuwalaumu, kwani mwenye mzigo ndiye anayejua uzito wake. Hata hivyo, mtu wa afya ana wajibu wa kueleza maradhi yalivyo na tiba ilivyo, ili mzazi, imamu na kiongozi wa mtaa waamue wakiwa na elimu.

Muuzaji ni mmoja, mtumiaji ni mwingine

Kabla ya yote, tutenganishe watu wawili ambao wengi wetu tunawachanganya. Yupo anayeingiza unga nchini na anayeuza kwa faida. Huyu anafanya biashara ya kuua watu, na hatuna neno la kumtetea. Sheria imfuate popote alipo.

Yupo pia mtumiaji. Huyu mara nyingi ni kijana aliyeanza kwa kuvuta pamoja na rafiki, akidhani ataacha siku yoyote atakayotaka. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu kutumia pia kuwa ni kosa. Basi kisheria wote wawili ni wakosaji. Lakini kitabibu hawafanani hata kidogo. Muuzaji anaweza kuacha biashara yake leo na kesho akaamka mzima. Mtumiaji akiacha leo, kesho haamki mzima.

Unga unafanya nini mwilini?

Mwenyezi Mungu (SW) ameujaalia mwili wa mwanadamu kutengeneza wenyewe vitu vinavyotuliza maumivu na kuleta utulivu. Vitu hivyo hufanya kazi kwa kushika sehemu maalumu katika ubongo. Heroini nayo hushika sehemu hizo hizo, ila kwa nguvu kubwa mno kuliko ile ya kawaida. Mtu akitumia kila siku, ubongo hujirekebisha. Hupunguza kazi yake ya asili na kuanza kuutegemea unga. Ndiyo maana kete moja iliyomtosha mwezi wa kwanza haimtoshi mwezi wa tatu, na baada ya muda hatumii tena kwa kutafuta raha bali kwa kukimbia mateso.

Mateso hayo ndiyo vijana wanayoyaita arosto. Huanza kati ya saa 6 na 12 tangu alipotumia mara ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida humalizika baada ya wiki moja hivi. Mifupa huuma, tumbo hukata, huharisha na kutapika, machozi na kamasi humtoka, husisimka mwili kama mwenye homa ya malaria, na usingizi humkimbia. Teja anayeiba ndala mlangoni mwa msikiti saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi ni mtu anayeikimbia hali hii. Kusema hivyo si kumhalalishia wizi. Tunaeleza tu kwamba kipigo na matusi haviondoi arosto.

Jambo la pili la kujua ni kwamba kwisha kwa arosto si kupona. Mwili ukishatulia, hamu hubaki kwenye ubongo kwa miezi na hata miaka. Akipita kwenye kijiwe cha zamani, akikutana na rafiki wa zamani, au akipata huzuni kubwa, hamu hurudi. Ndiyo maana wataalamu wanauita uraibu kuwa ni maradhi ya kudumu yanayorudi rudi, kama ilivyo pumu au kisukari, ambayo hutunzwa kwa muda mrefu.

Je, jela inatibu?

Wengi husema: "Mfungeni miezi sita, atatoka msafi." Kweli, mtu akikaa mahali pasipo na unga, arosto humwisha. Lakini tuangalie yanayofuata.

Kwanza, akiwa ndani bila tiba, maradhi yamesimama tu, hayajaondoka. Hakuna aliyemfundisha namna ya kuishi na ile hamu. Akitoka hurudi mtaa ule ule, kijiwe kile kile, na sasa ana alama ya mfungwa, hivyo hata kazi ya kubeba mizigo anaipata kwa shida.

Pili, na hili ndilo wazazi wengi hawalijui, siku za mwanzo baada ya kutoka jela ndizo za hatari zaidi kwa maisha yake. Alipoingia, mwili wake ulikuwa umezoea kiwango kikubwa. Akiwa ndani, mazoea hayo yalipotea. Akitoka na kutumia kiwango kile kile cha zamani, unga husimamisha pumzi yake. Utafiti uliofanywa katika Jimbo la Washington nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka jela. Ulionyesha kuwa katika wiki mbili za mwanzo, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Basi mzazi anayesema "angalau jela atakuwa salama" ajue kuwa mlango wa kutokea unaweza kuwa ndio mlango wa kaburi.

Hapa tuweke tanbihi ya kuokoa maisha. Ukimkuta mtu amelala haamki hata ukimwita na kumtikisa, anapumua polepole mno au anakoroma kwa kukatika, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, huyo amezidisha. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, kwa sababu yatamwingia mapafuni. Mlaze ubavu, hakikisha njia ya hewa iko wazi, na mkimbize hospitali. Ipo dawa inayoitwa naloksoni ambayo huzuia nguvu ya unga na kurudisha pumzi, maadamu amefikishwa mapema.

Tatu, gereza lenye msongamano ni mahali pazuri kwa kifua kikuu kuenea. Mtu mwenye VVU akipata kifua kikuu humo, huja nacho nyumbani kwa mama yake, mke wake na watoto wake.

Kwa nini haya yanamhusu asiyetumia?

Ndugu msomaji, unaweza kusema: "Mimi na wanangu hatutumii, ya mateja yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sote. Sehemu ya watumiaji hujidunga kwa sindano na huchangia sindano hizo. Makadirio yaliyotumiwa na mamlaka za afya hapa nchini yalionyesha kuwa katika kila watu 100 wanaojidunga, takriban 35 wana VVU, wakati kwa watu wazima kwa ujumla ni kama 5 kati ya 100. Kule Zanzibar, uchunguzi wa mwaka 2007 uliwakuta watumiaji 16 kati ya kila 100 wanaojidunga wakiwa na VVU, katika visiwa ambavyo maambukizi kwa watu wote yalikuwa chini ya mmoja kati ya 100. Hali kadhalika homa ya ini aina ya C huenea kwa sindano hizo hizo.

Wengi wa vijana hawa wana wake, na wengine watakuja kuoa. Maradhi hayabaki kijiweni. Yanaingia ndani ya nyumba kwa njia ya halali kabisa ya ndoa, na yanamfikia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo kumtibu mmoja ni kuwakinga wengi.

Tiba iliyopo ni ipi?

Kwa wanaotumia heroini ipo dawa inayoitwa methadoni. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hapa kwetu, kliniki ya kwanza ya umma ilifunguliwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011. Ikafuata Mwananyamala mwaka 2012, kisha Temeke mwaka 2014. Baadaye huduma ilifika mikoa mingine, ikiwemo Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga na Arusha. Zanzibar kliniki yake ilianza Kidongo Chekundu mwaka 2015, na jirani zetu wa Kenya walianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa mwaka 2014, kisha Malindi na Mombasa.

Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, hapewi kwenda nayo ovyo. Hushika sehemu zile zile za ubongo zinazoshikwa na heroini, lakini huingia polepole na hukaa kwa zaidi ya siku nzima. Matokeo yake, arosto haimpati, hamu hupungua, na hana tena haja ya kutafuta kete mara tatu au nne kwa siku. Akinywa dozi iliyopimwa vizuri halewi. Anaweza kwenda kazini, kukaa na mkewe, na kusimama safu ya sala akiwa na akili yake timamu. Uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa kwa wanaojidunga, tiba ya aina hii hupunguza hatari ya kuambukizwa VVU kwa zaidi ya nusu.

Lakini tusiisifie kupita kiasi. Methadoni haitibu bangi, kokeini wala mirungi. Ni kwa ajili ya heroini na jamii yake tu. Aidha, ni dawa yenye nguvu. Dozi huanza ndogo na kupandishwa kidogo kidogo, na anayeichanganya na pombe au valiamu anaweza kufa usingizini. Mgonjwa anayeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini huweza kuhisi arosto imemrudia, kwani rifampisini huifanya methadoni iondoke mwilini haraka. Asikimbilie kijiweni, bali awaambie wahudumu wamwongezee dozi.

Je, si kutoa ulevi na kuingiza ulevi?

Swali hili huulizwa sana, na ni swali la haki. Ni kweli kuwa methadoni ni jamii moja na heroini, na mtu akiiacha ghafla atapata arosto. Tofauti iko katika matumizi. Unga wa mtaani haujulikani umechanganywa na nini, hutumiwa kwa kutafuta ulevi, na humfanya mtu aibe. Methadoni inajulikana kipimo chake, inatolewa na mtabibu, na humrudishia mtu akili yake. Mgonjwa wa saratani hupewa mofini, ambayo nayo ni ya jamii hiyo hiyo, na hakuna anayemwita mlevi.

Suala la fatwa tunawaachia masheikh zetu. Tunachoweza kusema ni kuwa kanuni ya kuchagua dhara jepesi ili kuondoa dhara zito, pamoja na lengo la sheria la kulinda nafsi na akili, ni mambo wanayoyasomesha wao wenyewe. Malaysia, ambayo ni nchi ya Waislamu yenye sheria kali mno kwa wauzaji, ilianza kutoa methadoni mwaka 2005, na mwaka 2010 ilianza kutolewa ndani ya msikiti wa Ar-Rahman mjini Kuala Lumpur, mgonjwa akipata dawa, ushauri na mafunzo ya dini mahali pamoja. Iran nayo, ambayo huwaadhibu vikali wauzaji, imekuwa ikitoa methadoni tangu miaka ya 2000, hata ndani ya magereza. Nchi hizi hazikulegeza msimamo kwa muuzaji. Zilitambua tu kuwa mgonjwa ana haki yake.

Tukumbuke pia mafunzo ya Mtume wetu (SAW). Yule mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa ulevi aliadhibiwa, ndiyo, lakini Mtume (SAW) alimkataza sahaba aliyemlaani, na akatufundisha tusimsaidie shetani dhidi ya ndugu yetu. Kumtupa kijana katika mateso kisha tukamtukana akianguka tena, huko ni kumsaidia nani?

Kwa nini fedha za umma?

Hoja nyingine ni hii: "Kodi yangu itumike kumtibu mtu aliyejitakia?" Jibu la kwanza ni kuwa kodi yako inatumika tayari. Mahabusu na mfungwa analishwa, analindwa na askari, anasafirishwa kwenda mahakamani na kesi yake inasikilizwa, na vyote hivyo hulipiwa na umma. Akitoka na kukamatwa tena, hesabu inaanza upya. Akiumwa UKIMWI, kifua kikuu au ini, hospitali ya umma itamtibu vile vile. Basi hakuna njia isiyo na gharama. Tunachochagua ni kulipa na kupata mtu aliyetengemaa, au kulipa na kumpata yule yule tena.

Jibu la pili ni kwamba familia peke yake haiwezi. Zipo nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, ambazo zimesaidia wengi, lakini nyingi hutoza ada ya kila mwezi. Mama anayeuza vitumbua atatoa wapi ada hiyo kwa miezi kadhaa? Methadoni katika kliniki za umma hutolewa bila malipo, na ndiyo maana maskini wameifikia.

Hapa lipo jambo la kututia wasiwasi. Kwa miaka mingi serikali imetoa majengo na watumishi, lakini sehemu kubwa ya gharama za huduma hii imebebwa na wafadhili, hasa mfuko wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Januari mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na nchi nyingi zikajikuta matatani. Mgonjwa wa methadoni hawezi kusubiri siku 90, kwani hata siku mbili bila dawa zinatosha kumrudisha kijiweni. Hivyo basi, swali la iwapo tutibu kwa fedha zetu si la kinadharia tena. Tiba hii inastahili fungu katika bajeti yetu wenyewe, kama tunavyotenga fedha za chanjo.

Na aliyeiba je?

Uadilifu unataka tuseme wazi: maradhi hayafuti haki ya mja. Aliyevunja nyumba ya mtu au kumpora mama mkoba atawajibika kwa kosa hilo, na mwenye mali ana haki ya kudai chake. Ila hata huyu, akifungwa, atibiwe huko huko ndani, na siku ya kutoka akabidhiwe kliniki badala ya kuachwa getini. Ama yule ambaye kosa lake ni kete yake mwenyewe tu, mahali pake si jela. Ureno ilichukua njia hii mwaka 2001. Anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe haendi jela bali hufikishwa mbele ya jopo linalomwelekeza kwenye tiba, na wauzaji wanaendelea kufungwa. Maambukizi mapya ya VVU miongoni mwa wanaojidunga nchini humo yalikuwa zaidi ya 1,000 mwaka 2001. Ilipofika mwaka 2016 yalikuwa chini ya 50.

Wewe ufanye nini?

Mzazi, usimfungie kijana chumbani wala kumfunga kamba ukadhani umemtibu. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya methadoni iliyo karibu. Zipo asasi zinazotembelea vijiwe na kuwaandaa vijana kabla ya kuanza dawa, na ni vizuri kijana aende na ndugu atakayemsimamia. Ajue kuwa atatakiwa kwenda kila siku, na kwamba tiba ni ya muda mrefu. Akiteleza mara moja, asifukuzwe nyumbani, bali arudishwe kliniki.

Kuhusu Ramadhani, kwa kuwa dozi moja hukaa zaidi ya saa 24, kitabibu inawezekana kusogeza muda wa kunywa. Wagonjwa wazungumze na kliniki yao kabla mwezi haujaandama, wasijikatie dawa wenyewe. Pale isipowezekana, wawaulize masheikh kuhusu ruhusa ya mgonjwa.

Ndugu Waislamu, kikwazo kikubwa cha wagonjwa hawa si dawa, kwani dawa ni bure. Kikwazo ni nauli ya kwenda na kurudi kila siku, pamoja na chakula. Kamati ya msikiti inaweza kutenga sadaka kidogo kwa ajili ya nauli ya kijana mmoja au wawili wa mtaa wake, ikalipa kupitia ndugu anayemsindikiza. Imamu naye anaweza kumpa salamu anapoingia msikitini badala ya watu kukumbatia viatu vyao. Na viongozi wetu wanapokuja kuomba kura, tuwaulize: fungu la tiba ya vijana hawa liko wapi katika bajeti?

Wabillahi tawfiq.